Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Lamda Moja, Mikoa Mitatu

Ndugu wanachama,

Mwaka huu hatukuwasha hata lamda moja mpya (rangi moja ya mwanga inayobeba data) kwenye faiba yetu, na sioni aibu kulisema. Kazi ilikuwa kujaza tulizonazo.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Chaneli 100 za televisheni, kila moja ikila megabiti 8 kwa sekunde, hazifiki gigabiti moja. Lakini tulizipeleka Dodoma, Iringa na Mbeya kwa lamda tatu za gigabiti 10 kila moja, nakala zilezile zikiongozana kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Ni mabasi matatu ya mkoani kung'oka stendi pamoja, kila moja na abiria wanne.

Baadhi yenu mlishauri mwanga ugawanywe Morogoro kwa splita, kifaa cha kuugawa mwanga wenyewe. Wazo zuri: Dar mtambo mmoja wa kurushia, basi. Ila ukigawa mwanga sehemu mbili, kila tawi linabaki na nusu ya nguvu, yaani desibeli 3 zimekwenda, na kikuza mwanga kinachozirudisha kinaongeza kelele. Hilo lingevumilika. Lililotushinda ni zile gigabiti 9 na ushei zinazobaki: data ya Dodoma ukiipakia humo, inakwenda na Mbeya, ambako haina mwenyewe.

Kamati ikaamua mwanga ushushwe kwenye ruta ya Morogoro, mtambo unaosoma na kuelekeza data, nakala za chaneli zitengenezwe hapo, kisha kila tawi lijaziwe data ya upande wake. Iringa iko njiani kwenda Mbeya, kwa hiyo inadokoa sehemu ya mwanga na kupitisha uliobaki. Lamda hiyo tunaijaza data ya Mbeya tu. Ya Iringa ingeendelea mpaka Mbeya bure.

Transponda, yaani mitambo ya kurusha na kupokea mwanga wa lamda, zimetoka sita kuwa saba, na bili ya umeme Morogoro imepanda. Dodoma mnalalamika kuchangia mitambo ya kusini. Mna hoja, ingawa si yote. Lamda mbili zilizofunguka Dar–Morogoro zimechukuliwa na wanachama waliokuwa kwenye foleni, na ada yao italipia njia ya akiba kupitia Arusha na Singida. Tunaihitaji kweli: mtandao wetu ni mti wenye shina moja, greda likikata faiba kabla ya Morogoro, mikoa yote mitatu inazimika.

Maombi ya nafasi yamfikie katibu mapema, yakitaja data inatoka wapi, inafika wapi na kwa kasi gani. Atakayechelewa atapangiwa lamda yoyote yenye nafasi, hata inayozunguka.

Mweka hazina sasa atasoma hesabu.