Neno "double" na hesabu ya ada ya kibanda

Mhariri,

Wiki iliyopita gazeti lako liliandika kwamba ada ya kibanda katika soko letu "imeongezeka mara mbili". Mimi ninayelipa shilingi 50,000 nilielewa kwamba sasa nitadaiwa 100,000. Jirani yangu muuza samaki, ambaye hesabu haimpigi chenga, alisema kuwa ukiongeza 50,000 mara mbili juu ya zile za awali unapata 150,000. Mzee wa vitunguu yeye alidhani ada imepandishwa Januari, kisha ikapandishwa tena. Kwa Kiswahili kilivyoandikwa, hakuna aliyekosea.

Nadhani mwandishi alikuwa na taarifa ya Kiingereza mbele yake, na ndani yake neno "double". Neno hilo, lililoingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale na asili yake ni Kilatini, likitumika kwa bei halina utata: kiasi cha awali kimejumlishwa na kingine kama hicho, basi. Utata tumeuleta sisi kwa neno "mara", ambalo kwetu huhesabu matukio na pia huzidisha idadi.

Kiswahili kina "maradufu", nalo linatosha kabisa. Mzizi wake ni wa Kiarabu, na maana yake ni kufuata nyuma, hasa kupanda nyuma ya mwenzako juu ya mnyama mmoja. Sisi wa Busia, ambako bodaboda za kuvusha watu mpakani zilipata jina, tunaiona picha hiyo kila asubuhi. Wauza nguo wa zamani waliita maradufu kitambaa kizito cha pamba. Naomba tu lisiandikwe "mara dufu", kana kwamba ni maneno mawili, maana dufu peke yake ni kitu kisicho na ladha wala thamani.

Sidai kwamba "maradufu" lishike kila mahali penye "double". Vitanda vya bweni vitabaki dabodeka, na nakala ya pili ya risiti ni nakala rudufu. Lakini katika habari za bei, kodi na mishahara, andikeni kwamba ada imekuwa maradufu, kisha mtaje kiasi cha zamani na kipya: kutoka shilingi 50,000 hadi 100,000. Jirani yangu bado ameweka kando 150,000.

Wako,
Muuza vitambaa, Busia, Uganda