Barua kwa Mama, kutoka Eckernförde, Ujerumani

Mama yangu mpenzi, shikamoo. Salamu kwa Bibi, Dada na wote hapo Makorora. Mimi mzima. Baridi ipo, nimeizoea.

Habari ya bati la paa linalovuja nimeipata, nitaijibu chini. Kwanza hili lililonikaa rohoni. Nasikia Baba Mdogo alisema mbele ya watu, kwenye arobaini, kwamba nimevuka bahari kuja kuwa yaya wa Wazungu. Mama, mwambie niko chekechea, najitolea kwa mkataba. Vijana wa Kijerumani waliomaliza shule wanaifanya kazi hii hii, na hakuna anayewaita yaya.

Tena mwambie watoto wangu wanaamkia! Hapa mtoto wa miaka mitatu humwita mwalimu kwa jina lake, kavu kavu, wala si utovu wa adabu, ndivyo walivyolelewa. Mimi nilishindwa kuvumilia, nikawafundisha shikamoo na marahaba. Wameipenda kupita kiasi. Sasa yuko mmoja, ana miaka minne, kagundua kuwa anayeitikia ndiye mkubwa. Basi yeye haamkii tena. Anapita kwa kila mtu, walimu kwa wapishi, anasema "Marahaba!" kabla hajaamkiwa. Juzi babu yake kaja kumchukua, mzee mrefu wa heshima zake. Kijana kapanda juu ya kiti, kamwambia babu aanze. Mzee kavua kofia, katoa "shikamoo" safi kuliko watoto wa Wifi. Mjukuu kaitikia kwa sauti nzito. Nilicheka mpaka machozi.

Novemba 11 watoto walitembea usiku na taa za karatasi, kumkumbuka Mtakatifu Martin, yule askari aliyekata joho lake akampa maskini nusu. Kesho yake binti mmoja kachukua mkasi, kakata skafu yake mpya katikati, nusu kampa mwenzake. Mama yake alipofika tukajua leo patachimbika. Alimkumbatia tu. Na Desemba 5, siku ya kuweka kiatu ili usiku wa kuamkia tarehe 6 Mtakatifu Nikolaus atie peremende, watoto wengine wote wameleta viatu vyao, mmoja kaja analiburuta buti la mvua la baba yake!

Mama, mji huu unasifika kwa visamaki vya kukaushwa kwa moshi, vina rangi ya dhahabu. Siku nilipovionja nikalikumbuka soko letu la samaki la Deep Sea asubuhi, wewe unapatana bei na wale vijana. Usiku ule sikulala.

Haya, bati. Ninachopata ni posho ya kujikimu, si mshahara, Dada aelewe hivyo. Nimebana, nimetuma kwenye simu yake ya kutosha upande wa chumba cha Bibi, ndicho kinachovuja zaidi. Kaka asiishike hela hii. Ile ya saruji mpaka leo hajaniambia iliishia wapi.

Mwanao akupendaye.