Mheshimiwa Waziri, sisi wa "sogea tukae" tunaomba daftari

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria, Dodoma.

Nakuandikia kutoka Buguruni, Dar es Salaam. Huu ni mwaka wa 11 naishi na baba wa wanangu. Mahari haikutolewa, kadi za michango hazikuchapishwa, shehe hakuitwa. Mtaani ndoa yetu wanaiita "sogea tukae", na siwalaumu, maana kweli nilisogea nikakaa.

Miaka yote hiyo amani yangu ilitokana na maneno ya saluni: ukikaa na mwanamume miezi sita, tayari ni mke. Miezi hiyo sijui nani aliihesabu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inataka miaka miwili au zaidi, tena muwe mmeishi hadi majirani wanawajua kama mke na mume. Hata hapo ni dhana tu. Akitokea mtu na ushahidi wa kuivunja, inavunjika.

Haya nimeyajulia kwenye msiba wa jirani yangu. Aliyefariki ni mwenzake, dereva wa bodaboda. Walikaa miaka minane, watoto wawili. Siku ukoo ulipokaa kikao, yeye alikuwa uani anapikia waombolezaji. Muhtasari ukaandikwa, ukapelekwa Mahakama ya Mwanzo kuombea usimamizi wa mirathi. Watoto wametajwa. Yeye hayumo. Alipouliza, shemeji yake alimjibu, "Dada, wewe ulitolewa mahari lini?" Kadi ya pikipiki ina jina la marehemu, ingawa nusu ya fedha ilitoka kwenye kikoba cha huyu mama.

Anaweza kuweka pingamizi, ndiyo. Lakini kuthibitisha ni juu yake: atafute mashahidi, awalipie nauli, aache genge lake la nyanya aende mahakamani, arudi, aende tena. Kifungu kilekile cha 160 kinamruhusu mwanamke kuomba matunzo yake na ya watoto hata dhana ya ndoa ikivunjwa. Vizuri. Ila matunzo anadaiwa mtu aliye hai. Vilevile Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Hukumu hiyo naipenda, lakini huifikii kabla hujakubaliwa kuwa ulikuwa mke.

Ombi langu, Mheshimiwa, linahusu daftari la wakazi la serikali ya mtaa. Tukihamia tunaandikwa humo. Basi pawepo mahali pa watu wawili kutia saini mbele ya mwenyekiti kwamba wanaishi pamoja kama mke na mume, tangu tarehe fulani. Na Mahakama ya Mwanzo, kabla ya kumteua msimamizi wa mirathi, ilione daftari hilo, isitosheke na muhtasari wa ukoo peke yake. Halafu mtutangazie redioni, kwa Kiswahili cha sokoni, kwamba miezi sita haipo.

Najua viongozi wa dini watasema mnahalalisha zinaa. Wanayo haki ya kusema. Lakini kifungu hicho kimekuwepo tangu kabla sijazaliwa, na waliobaki nje ya nyumba kwa kukosa karatasi ni waumini wao pia.

Barua hii nimemsomea baba watoto kabla ya kuituma. Akaniuliza, "Kwani unaniombea kifo?" Nikamwambia anioneshe ile hati ya mauziano ya kiwanja cha Chanika imeandikwa majina ya nani. Mpaka naweka kalamu chini hajajibu, na chai yake imepoa.

Wako,
Mama wa watoto watatu, Buguruni