Mvunaji wa porini naye apate faida

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Watu wengi bado wanaona mazao ya miti ya asili ni vitu vya kuokota tu, kumbe gundi ya mgunga kutoka Sudan ndo inaingia kwenye soda huko duniani, na unga wa ubuyu umeruhusiwa soko la Ulaya tangu 2008, sasa mbona mvunaji anauza mali ghafi kwa kilo halafu hela inabaki kwa anayesaga na kupaki? Inauma sana! Na tuvune kwa akili jamani, gome la mti wa asili uitwao Prunus africana linatafutwa kwa dawa ya tezi dume, watu wakabandua mti kuzunguka shina lote mpaka ukafa, ikabidi biashara yake idhibitiwe kimataifa tangu 1995. Vikundi vya wavunaji vipewe mashine na leseni zao wenyewe.