Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanajumuiya wa Wakfu wa Ukoo, Wete

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, ndugu zangu, na nyinyi tunaowaita vijana, ingawa aliye mdogo wenu sasa ana mvi ndevuni.

Kwanza tuwaombee waliotangulia. Majina yao Katibu atayasoma mkutanoni. Katika daftari letu ukurasa wa waliofariki umejaa, tumebandika karatasi ya ziada. Ule wa wanaoingia, ambamo zamani mtoto aliandikwa akishatolewa arobaini, haujaguswa tangu enzi ya katibu aliyepita, kwani tangu hapo hakuna mtoto aliyezaliwa. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na wakubwa wetu wa wakati huo walilalamika kwamba madarasa yamefurika na watoto wanasoma kwa mikondo miwili. Laiti tungelirejeshewa malalamiko yale.

Msimu wa karafuu ulikuwa mzuri kuliko nguvu zetu. Mikarafuu ya Mtambwe ilizaa hadi matawi yakainama, lakini karafuu haimngoji mtu: ikishachanua thamani yake imekwenda. Wapandaji tulionao ni watu wazima, na mtu wa umri ule humpandishi mti mrefu kwa kamba ukalala usingizi. Kamati iliamua tuchume matawi ya chini, ya juu tuyaache yachanue. Nalipokea lawama za walioona hiyo ni israfu. Karafuu zilizodondoka chini, ambazo kuziokota ilikuwa kazi ya watoto wakitoka skuli na ndiyo pesa yao ya Sikukuu, tuliziokota wenyewe, wenye magoti na wasio nayo. Kuchambua makonyo na kuanika majamvini kulikwenda vyema.

Nyumba ya mjini imezibwa paa. Mpangaji wa duka la chini, aliyekuwa akishona sare za skuli, sasa anashona kanzu na kukata sanda, na kodi analipa kwa wakati. Hesabu zimekaguliwa. Mshika fedha atazieleza, naye ni mfasaha kuliko mimi.

Sasa nije kwenye lililotugawa.

Baadhi yenu mmeleta barua mkitaka shamba na nyumba viuzwe, kila mtu achukue chake astarehe nacho angali hai. Hoja yenu ni kwamba mirathi imebadilika, basi na wakfu ubadilike. Kwenye mirathi mnasema kweli. Mjane aliyekuwa akipata thumni, yaani sehemu moja ya nane, kwa kuwepo watoto sasa anapata robo, na mume aliyekuwa akipata robo anapata nusu. Kalala, yaani mtu anayekufa bila ya mtoto wala mzazi, zamani tulimsikia darsani tu. Leo ndiye anayejaza mafaili ya kadhi. Lakini hukumu haikubadilika hapo. Waliobadilika ni watu wanaohukumiwa. Na wakfu si mirathi. Ardhi ya Sayyidna Umar kule Khaybar iliwekwa kwa sharti kwamba haiuzwi, haitolewi hiba, hairithiwi, na hati yetu imefuata njia hiyo hiyo. Kwa hiyo ombi la kuuza kamati imelikataa, na mimi nimetia saini bila ya kusita.

Jambo linalonikosesha usingizi ni jengine. Hati inasema mapato ni ya wana, na wana wa wana, na kizazi chao madhali wapo. Wakikatika, yaende kwa mafakiri wa Wete. Tawi moja likimalizika, fungu lake linarudi kwa matawi yaliyobaki. Ndiyo kusema kila jeneza linalotoka linamnenepesha aliyebaki. Mwaka huu mafungu yameongezeka tena, na mniwie radhi, sikupenda kumsikia mtu akishukuru. Mwisho wake mmoja wetu atalimiliki pato lote peke yake, na hana wa kumchumia.

Mafakihi, wanazuoni wa sheria, walikuwa watu wa tahadhari. Walijua ukoo hukatika, ndiyo maana wakataka wakfu uishie kwa watu wasiokatika, wakawataja mafakiri. Nani angewaza kwamba mafakiri nao watakatika? Tumelipeleka suala hili kwa kadhi kwa maandishi. Mjumbe mmoja amependekeza tuulize pia kuhusu ndege na wanyama, kwa kuwa miji ya Kiislamu ya zamani iliwahi kuwa na wakfu wa kuwalisha. Wengine walicheka. Mimi niliandika swali hilo kwenye barua, kwa sababu sijaona jengine lililo bora.

Tukisubiri jibu, mafungu yatagawiwa kama hati inavyosema. Hatuna ruhusa ya kugeuza sharti la mwenye kuweka wakfu. Ila fungu likishafika mkononi ni lako, na kamati inakuombeni sehemu yake muitoe kwa mfuko wa kuwahudumia walio peke yao: wa kupikiwa, wa kukogeshwa, na baadaye wa kuoshwa na kuzikwa. Kuzika ni faradhi kifaya, wakiitimiza baadhi dhima imewaondokea wote, na wenye nguvu za kushika jembe tunawajua kwa majina.

Kuhusu miche, ndiyo, tumepanda. Kimbunga cha 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na mashamba kama letu yakapata bei. Hati inaamrisha mti ukifa upandwe mwengine mahala pake. Mkarafuu huchukua miaka 6 hadi 8 kabla ya kuzaa, na aliyetuuliza nani atauchuma alikuwa na haki ya kuuliza. Sharti halikutaja mchumaji.

Muda wa kamati hii umekwisha. Mimi sigombei tena, macho hayanisaidii kusoma hati. Napendekeza nafasi ya katibu apewe mmoja wa wale wadogo, kwa sababu atakayeikabidhi hati kwa kadhi siku ya mwisho lazima awe hai. Wenye majina wampe Katibu kabla ya Ijumaa ya mkutano, na aliyeazima nakala ya hati miaka miwili iliyopita aje nayo.