Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa chama cha Democratic: Mshindi ametangazwa kabla hatujapiga kura

Oakland, California
8 Juni 2016

Mheshimiwa Debbie Wasserman Schultz,
Mwenyekiti wa Kamati ya Taifa ya Chama cha Democratic,

Salamu zangu zikufikie kwa heshima zote. Mimi ni mzaliwa wa Kenya, raia wa Marekani kwa kiapo, na mpiga kura wa chama chako. Msimu huu wote wa kura za mchujo za kumteua mgombea urais nimevumilia. Yaliyotokea juzi yamenishinda, na naandika hadharani ili hata Wakenya wenzangu wanaopiga kura huku wasome.

Jumatatu jioni, tarehe 6, shirika la habari la Associated Press lilitangaza kwamba Bi. Hillary Clinton amekwisha kufikisha wajumbe 2,383 wanaotakiwa ili kuteuliwa kwenye mkutano mkuu wa chama, na kwamba yeye ndiye mgombea. Vituo vya California vilikuwa vifunguliwe kesho yake, saa 1 asubuhi. Jimbo lenye wajumbe 475 wa kuchaguliwa, kuliko jimbo lingine lolote, likaambiwa limechelewa hata kabla halijaamka. New Jersey, New Mexico, Montana na Dakota zote mbili nazo zilikuwa zinaingoja siku hiyo hiyo.

Na hesabu hiyo ilitoka wapi? Jumatatu hakuna jimbo lililopiga kura. Waandishi waliwauliza wale wajumbe ambao sisi hatukuwachagua, yaani magavana, maseneta, wabunge na vigogo wa chama, zaidi ya 700 kwa jumla, kila mmoja anamuunga mkono nani. Kisha wakajumlisha ahadi zao na kura zetu. Ahadi, Mheshimiwa! Watu hawa watapiga kura kwenye mkutano mkuu, Philadelphia, mwishoni mwa Julai, na mpaka hapo wana ruhusa ya kubadili nia. Mwaka 2008 baadhi yao walibadili, wakamwacha Bi. Clinton huyo huyo wakahamia kwa Barack Obama. Msemaji wako, Luis Miranda, aliiambia CNN mwaka huu huu kwamba wasijumlishwe, kwa kuwa hawajapiga kura. Maneno hayo yameishia wapi?

Usiku ule nilikuwa zamu. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Mzee niliyekuwa naye alikuwa anatazama taarifa ya habari, na bahasha yake ya kura ya posta ilikuwa mezani kando ya vidonge, ameshajaza karatasi ila bado sahihi. Aliposikia tangazo akaisukuma pembeni. "Imekwisha hiyo," akasema. Kwa kazi yangu siruhusiwi kumshawishi mtu kuhusu kura yake, kwa hiyo nikanyamaza, nikaendelea kumpangia dawa huku moyo unaniuma. Ndani ya bahasha ile mlikuwa na kinyang'anyiro cha kiti cha Seneti anachokiacha Barbara Boxer. Mlikuwa na Hoja AA, ile kodi ya dola 12 ya kuhuisha Ghuba ya San Francisco. Hayo nayo yalikuwa yamekwisha?

Asubuhi nilitoka zamu nikaenda kituoni bila kulala. Mwenzangu wa kazi, mama wa watoto watatu, alipitiliza nyumbani. "Dada, nipange foleni kwa jambo lililokwisha kuamuliwa?" Sikuwa na jibu la kumpa. Hilo jibu nalitaka kwako.

Sisemi kwamba Bi. Clinton hakustahili. Alikuwa anaongoza kwa kura za wananchi na kwa wajumbe wa kuchaguliwa. Basi kulikuwa na hasara gani kungoja siku moja? Hata yeye mwenyewe, akiwa Long Beach Jumatatu hiyo, aliwakumbusha watu kwamba bado kuna kura za kupigwa. Mwanamke wa kwanza kupeperusha bendera ya chama kikubwa katika nchi hii alistahili kutangazwa na wapiga kura.

Najua televisheni si zako. Tarehe 15 Machi, Bernie Sanders, mpinzani wa Bi. Clinton chamani, akihutubia umati Phoenix, kamera zilituonyesha jukwaa tupu kule Florida zikimngoja Donald Trump. Mkuu wa kampuni ya televisheni ya CBS, Les Moonves, alikwisha kusema Februari kwamba kampeni hii huenda isiwe nzuri kwa Marekani lakini ni nzuri mno kwa CBS. Wao wanatafuta pesa, na kila mmoja anataka awe wa kwanza kutangaza. Lakini wajumbe wale ni wako. New Hampshire ilimpa Sanders asilimia 60, na bado kwenye skrini tukaona wajumbe 15 kwa 15, kwa sababu ya ahadi zao. Midahalo nayo uliipanga wewe: Jumamosi ya Novemba, Jumamosi nyingine siku chache kabla ya Krismasi, Jumapili ya Januari. Nadhani ilikusudiwa watu wachache waitazame. Kama nakosea, tueleze. Katiba ya chama inamtaka mwenyekiti asimpendelee mgombea yeyote, na wewe umetuahidi hivyo mara nyingi.

Nimetoka nchi ambako mwaka 2007 mshindi alitangazwa watu wakiwa hawaiamini hesabu, tukazika ndugu zetu. Huku hakujafika huko, na Mungu apishe mbali. Ila naujua uchungu wa mtu anayehisi kwamba kura yake imeruka hewani, na sikutarajia kuuonja hapa.

Ombi langu ni moja. Waagize wajumbe wale wasitoe ahadi kwa waandishi kabla ya mkutano mkuu, na uviambie vyombo vya habari, kwa jina lako na cheo chako, visiwahesabu mpaka wapige kura. Wakazi wa Washington D.C. wanapiga kura Jumanne ijayo, tarehe 14. Wao bado hawajapiga, Mheshimiwa. Jitokeze kabla ya siku hiyo uwaambie kwamba kura yao inangojwa.

Wako,
Mpiga kura wa Oakland