Kupe wa masika

Wapendwa, masika yameingia Moshi na kupe wameongezeka. Kila jioni mkagueni mbwa: masikioni, chini ya mkanda wa shingo, na hasa katikati ya vidole, ambako wengi hatupitishi mkono. Ukimwona kupe, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu bila kumzungusha, mtumbukize kwenye spiriti. Tafadhali msimpake mafuta ya taa wala kumchoma. Akisumbuliwa huweza kumwaga mate yenye vijidudu ndani ya ngozi. Nyufa za banda nazo zizibwe, hutaga humo.

Mbwa akisusa chakula, fizi zikapauka au mkojo ukawa kama chai ya rangi, mpelekeni kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, msingoje kesho.